Data za Ramani za Bahari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzikusanya, Kushirikishana na Kuzitunza

Majibu haya ni ya anayepima, ya anayepokea mafaili meli ikisharudi, na ya yule atakayekuja miaka kumi baadaye kuyaomba. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika, na maswali mengi hapa chini yamewekwa kwa ajili yake.

Tukisema "data za ramani za bahari" tunamaanisha nini?

Kwanza kabisa ni kina: kutoka usoni pa maji hadi sakafuni ni mita ngapi. Lakini sona (kifaa kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake) ileile inayopima kina hurekodi pia nguvu ya mwangwi unaorudi, nayo husaidia kutambua kama chini kuna tope, mchanga au mwamba. Baadhi ya vifaa hurekodi na vilivyomo katikati, ndani ya maji yenyewe: makundi ya samaki, mapovu ya gesi yanayovuja sakafuni, mlingoti wa meli iliyozama. Ongeza sampuli za tope, picha za kamera, vipimo vya kujaa na kupwa, joto na chumvi ya maji. Majibu haya yanaegemea kina, maana ndicho kinachoombwa zaidi, na ndicho kinachoharibika kirahisi zaidi mikononi mwa watu.

Ni kiasi gani cha sakafu ya bahari kimeshapimwa?

Mradi wa Seabed 2030, ubia wa Nippon Foundation ya Japani na GEBCO, mpango wa kimataifa wa ramani za kina cha bahari zote, ulipoanza mwaka 2017 ulikuta asilimia 6 hivi tu ya sakafu ya bahari za dunia ikiwa imepimwa kwa kiwango cha kisasa na data zake kupatikana. Kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 27.3. GEBCO yenyewe ina zaidi ya karne moja. Ilianzishwa mwaka 1903, na aliyeisimamia mwanzoni ni Albert I, mtawala wa Monaco.

Sehemu nzuri ya ongezeko hilo, hasa miaka ya mwanzo, haikutoka kwa meli mpya. Ilitoka kwa data zilizokuwa zimeshapimwa, zimelipiwa, na zimelala kwenye seva za vyuo, kampuni na idara za serikali. Anayetaka kujua kwa nini ukurasa huu unazungumzia kushirikishana kuliko mitambo, sababu ni hiyo.

Na neno "imepimwa" lisikudanganye. Seabed 2030 hugawa dunia kwa visanduku vinavyokua kadiri kina kinavyoongezeka: mita 100 kwa mita 100 kwenye maji yasiyozidi mita 1,500, hadi mita 800 kwa mita 800 kwenye vilindi vya kupita mita 5,750. Kisanduku kikiwa na kipimo hata kimoja kinahesabika kuwa kimepimwa. Ndani ya mita 800 mlima mdogo unaweza kujificha vizuri tu.

Mbona ramani za mtandaoni zinaonyesha bahari yote, haina hata pengo?

Kwa sababu mapengo yamejazwa kwa makadirio. Setilaiti hupima kimo cha uso wa bahari. Mlima chini ya maji una uzito, uzito huo huvuta maji kidogo kuelekea kwake, na uso wa bahari juu yake hutuna kwa kiasi ambacho rada ya setilaiti inaweza kukigundua. Kutokana na uvimbe huo hukadiriwa kina. Ni ufundi wa kusifika, ila makadirio hayo yanaona vitu vya ukubwa wa kilomita kadhaa, na yanaweza kukosea kwa mamia ya mita.

Gridi ya GEBCO, yenye visanduku vya sekunde 15 za tao (karibu mita 450 kwenye ikweta), huja na gridi ya pili inayosema kila kisanduku kilipataje namba yake. Alama 11 ni sona ya miale mingi, 10 ni ya mwale mmoja, 40 ni makadirio ya setilaiti. Wanaopakua gridi ya kwanza ni wengi. Wanaofungua ya pili ni wachache mno. Ukichora ramani bila kuitazama, unachora kisichojulikana kwa wino uleule wa kinachojulikana.

Setilaiti haziwezi kupiga picha chini moja kwa moja?

Kwenye maji maangavu na mafupi, ndiyo: mwanga huingia hadi mita 20 au 30 hivi na kina hukadiriwa kutokana na rangi. Leza inayorushwa kutoka kwenye ndege hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi. Maji yakiwa na tope, zote mbili hazifui dafu. Kwenye kilindi, kinachobaki ni sauti.

Upimaji wa meli unafanyikaje?

Zamani nahodha alitia bildi: risasi mwishoni mwa kamba, inashuka hadi iguse chini, kamba inahesabiwa. Kipimo kimoja, mahali pamoja. Leo kichwa cha sona kilichofungwa chini ya meli hutuma sauti kwa miale mamia kwa mpigo mmoja, kushoto na kulia, na kusikiliza mwangwi wa kila mwale. Sauti hukimbia majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 3,000 mwangwi huchukua sekunde 4 kwenda na kurudi.

Miale ikifunguka nyuzi 60 kila upande, ukanda unaopimwa una upana wa karibu mara tatu na nusu ya kina. Kwenye mita 3,000 hiyo ni kilomita 10 kwa pito moja. Kwenye mita 20 ni mita 70 tu, tena utapunguza kidogo ili kanda zipishane. Ndiyo maana maji mafupi, ambako meli nyingi hupita na watu wengi huishi karibu, hula muda kuliko kilindi. Mtu asiyezoea hudhani kinyume.

Hapo bado hujahesabu makosa. Meli inayumba ubavu kwa ubavu, omo inainama na kuinuka, chombo kizima kinapanda na kushuka na wimbi. Kila mwendo lazima upimwe na kuondolewa. Kabla ya kazi, wapimaji hupita juu ya mteremko uleule kwenda na kurudi, kisha wanalinganisha mapito mawili ili kugundua kama kichwa cha sona kimefungwa kikiwa kimepinda hata kwa sehemu ya nyuzi. Kisha kuna maji yenyewe: joto likipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, mwendo wa sauti huongezeka kwa mita 3 hadi 4 kwa sekunde, chumvi na mgandamizo navyo vina sehemu yao. Ukitumia kipimo cha mwendo wa sauti cha asubuhi mpaka jioni, mahali mto unapomwaga maji baridi baharini, kingo za ukanda zitapinda. Tambarare itaonekana kama bakuli, au kama kilima kirefu kinachofuata njia ya meli. Ukiona mabonde sambamba yaliyonyooka kwenye ramani ya kina, usitafute mwanajiolojia. Tafuta rekodi ya mwendo wa sauti.

Kwa nini wapimaji wawili wanaweza kupata kina tofauti mahali pamoja, na wote wakawa sahihi?

Kwa sababu kina huhesabiwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo panatofautiana. Chukua mfano huu. Sona inasoma mita 23.4. Kichwa chake kiko mita 1.8 chini ya uso wa maji, kwa hiyo kutoka usoni hadi chini ni 25.2. Saa hiyo maji yamejaa, yako mita 2.9 juu ya sifuri ya ramani. Kina kitakachoandikwa kwenye ramani ni mita 22.3.

Sifuri hiyo kwa kawaida huwekwa chini sana, kwenye usawa ambao maji hayatarajiwi kushuka zaidi hata bamvua likiwa kali, ili nahodha apate maji mengi kuliko yaliyoandikwa, si machache. Mwanasayansi anaweza kuhesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari. Anayetumia GPS ya usahihi wa juu anaweza kuhesabu kutoka umbo la hisabati la dunia, ambalo linaweza kupishana na usawa wa bahari kwa makumi ya mita. Unganisha seti mbili zenye sifuri tofauti bila kujua, utapata genge (ukuta wa mwinuko) lililonyooka kwenye mpaka wao, na ataibuka mtu aliite ufa wa miamba.

Kiwango cha kimataifa ni kipi?

Shirika la Kimataifa la Haidrografia (upimaji wa bahari kwa ajili ya vyombo), IHO, lenye chimbuko lake mwaka 1921 huko Monaco, hutoa kiwango kinachojulikana kama S-44. Toleo la sita, la mwaka 2020, lina madaraja matano, kuanzia lile kali kabisa la maeneo ambako meli hupita karibu mno na sakafu hadi lile la maji ya kina kirefu. Kwa kina cha mita 20, daraja maalumu huruhusu shaka ya sentimita 29 hivi kwa wima, ilhali daraja la 1a huruhusu sentimita 56. Mabadilishano ya data za kidijitali nayo yana familia yake, S-100, ambamo S-102 ndiyo ya nyuso za kina.

Si lazima kila upimaji ufikie daraja la juu. Kilicho lazima ni kusema umefikia lipi.

Metadata, yaani maelezo kuhusu data zenyewe, ya chini kabisa ni ipi?

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Faili linafika likiwa na safu tatu za namba na jina linaloishia na "mpya_mwisho2". Safu ya kwanza ni 512340.5. Hiyo ni mita, basi. Lakini za ukanda gani wa mfumo wa majiranukta? Safu ya tatu ni 22.3. Je, ni kina kinachoshuka chini, au kimo ambacho mtu amefuta alama ya kutoa? Tarehe hakuna. Sifuri hakuna. Jina la kifaa hakuna. Aliyelituma keshahamia kazi nyingine. Namba hizo huenda ziligharimu wiki nzima za meli, na sasa ni dawa isiyo na lebo: pengine ni nzuri, ila hakuna atakayethubutu kuinywa.

Andika basi angalau haya: nani alipima na kwa ajili ya nani, tarehe za kuanza na kumaliza, chombo na aina ya sona, mfumo wa majiranukta na ukanda wake, sifuri ya wima, na jinsi kujaa na kupwa kulivyoondolewa, mwendo wa sauti ulipimwaje na mara ngapi, programu iliyotumika kusafisha, usahihi unaodaiwa, leseni. Kama taasisi inataka muundo rasmi, ISO 19115 ndio unaotumika sana. Lakini faili la maandishi ya kawaida lililojazwa kwa uaminifu linafaa kuliko fomu ya kiwango cha kimataifa iliyojaa "haijulikani".

Na ijazwe wakati huohuo, melini. Metadata inayoandikwa miezi sita baadaye ni riwaya.

Tutunze nini: data ghafi au zilizosafishwa?

Vyote, ukiweza. Data ghafi ndizo ushahidi. Ikigundulika miaka mitano baadaye kwamba pembe ya kichwa cha sona ilikosewa, mwenye ghafi anasahihisha. Mwenye gridi peke yake anatupa. Juu yake kuna vipimo vilivyosafishwa, kisha gridi, kisha ramani au picha. Kila ngazi ina wateja wake: mtengeneza ramani za meli anataka kujua kuhusu jiwe moja lililochomoza, mtu wa modeli za tsunami anataka gridi iliyotulia, mwalimu anataka picha.

Ghafi nyingi huandikwa kwa muundo wa mtengenezaji wa sona, na miundo hiyo hubadilika kifaa kinapobadilika. Weka pamoja nazo nakala ya muundo ulio wazi, wenye maelezo yaliyochapishwa. Gridi ziende kwenye miundo ya BAG, netCDF au GeoTIFF. Nakala zisikae jengo moja. Na mara moja kwa mwaka mtu ajaribu kufungua faili kadhaa za zamani kwa bahati nasibu, maana nakala isiyowahi kufunguliwa huijui kama ni nzima.

Data za safu ya maji, yaani za vilivyomo kati ya uso na sakafu, ndizo zinazojaza diski kwa kasi. Kama huna nafasi, zihifadhi pale penye sababu, kama vile karibu na mabaki ya meli au panapovuja gesi, kisha andika kwamba kwingine hukuhifadhi.

Akili mnemba inaweza kusafisha data badala ya watu?

Inasaidia sana kuondoa kelele za wazi. Tatizo ni kwamba mlingoti wa meli iliyozama, ukiwa vipimo vitatu vinne vilivyosimama peke yake juu ya tambarare, unafanana mno na kundi la samaki. Kifutwacho hapo ndicho chombo kingine kitakachokigonga. Acha mashine ipendekeze, mtu aamue, na vipimo vilivyokataliwa viwekewe alama badala ya kufutwa kabisa.

Kwa nini taasisi hazishirikishani data zao?

Sababu zinazotajwa mkutanoni ni usalama wa taifa na siri za biashara. Nyingine hazitajwi. Kuna aibu: mwenye data anajua zina dosari, na anaogopa kuchekwa. Kuna mtafiti anayesubiri achapishe kwanza, jambo la haki kwa mwaka mmoja au miwili, si kwa kumi na tano. Kuna mkataba ulioandikwa na wakili asiyejua sona ni nini, ambao haukusema lolote kuhusu kutoa data, na kila mtu akachukulia kwamba kimya ni katazo.

Sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ya kuchosha: hakuna aliyepewa siku wala fedha za kuandaa data ili zitoke. Bajeti ilihesabu mafuta, mabaharia, sona na ripoti, ikaishia kwenye ripoti. Meli ikifunga gati, mradi umekwisha. Kwa hiyo dawa inapaswa kuanza kabla meli haijaondoka: kipengele cha mkataba kinachosema data zitapelekwa wapi, kwa muundo gani, ndani ya miezi mingapi, na fungu la fedha lililotengwa kwa kazi hiyo. Malipo ya mwisho yafuate stakabadhi ya hifadhi. Tumeona maombi ya hisani yakishindwa mara nyingi. Kipengele cha malipo hakishindwi kirahisi.

Vibali navyo ni chombo kizuri. Uingereza, The Crown Estate, ambayo hukodisha sakafu ya bahari kwa mitambo ya upepo, huwataka wakodishaji kuwasilisha data za upimaji, kisha huzitoa kwa umma kupitia Marine Data Exchange. Mwekezaji analindwa kwa muda, halafu data zinafunguka.

Kuna madhara gani data zikibaki kabatini?

Tarehe 8 Januari 2005 nyambizi ya Marekani, USS San Francisco, iligonga mlima wa chini ya bahari kusini mwa Guam ikiwa inakwenda kasi. Baharia mmoja alifariki na makumi walijeruhiwa. Ramani iliyokuwa ikitumika haikuonyesha mlima huo. Uchunguzi wa jeshi la wanamaji ulibaini kwamba ramani nyingine zilizokuwamo humohumo ndani ya nyambizi zilionyesha hatari jirani na pale. Taarifa ilikuwapo. Haikuhama kutoka karatasi moja kwenda nyingine.

Mara nyingi madhara hayana kishindo hivyo: eneo moja hupimwa mara tatu na taasisi tatu, kila moja kwa fedha zake, ilhali eneo la jirani halijawahi kupitiwa.

Upande wa pili wa shilingi ni utafutaji wa MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea, ulioanza mwaka 2014. Sakafu ya sehemu ile ya kusini mwa Bahari ya Hindi ilikuwa haijulikani vya kutosha hata kuburuta vifaa vya utafutaji kwa usalama, ikabidi ipimwe kwanza kwa sona ya miale mingi. Ndege haikuonekana. Hata hivyo Australia ilizitoa data hizo wazi kuanzia mwaka 2017, na wanajiolojia wakapata ramani ya mabonde, magenge na volkano ambayo hakuna mradi wa sayansi ungelipiwa kuipata.

Vipi kuhusu data ambazo kweli ni nyeti?

Zipo. Norwe, kwa mfano, kwa miaka mingi imeweka data za kina zenye undani mkubwa ndani ya maji yake ya kitaifa chini ya sheria ya usalama, huku ikiendesha MAREANO, mradi wa wazi wa ramani za sakafu, nje zaidi. Mabaki ya meli yenye thamani ya kihistoria huvutia waporaji. Wavuvi hawapendi miamba yao itangazwe.

Lakini kati ya kufungia na kumwaga hadharani kuna ngazi nyingi. Unaweza kutoa gridi ya visanduku vikubwa na kuficha ile ya mita moja. Unaweza kuweka tarehe ya kufunguliwa. Unaweza kukata kipande nyeti na kutoa kilichobaki. Na hata ukishindwa yote hayo, toa mpaka wa eneo: mchoro unaosema "hapa tumepima, mwaka fulani, kwa kifaa fulani, muulizeni fulani". Mchoro huo hautoi siri yoyote ya maana, na unaokoa gharama ya meli ya mwingine. Taasisi isiyokubali hata hilo aghalabu haijui yenyewe ina nini.

Tunahitaji ruhusa kupima maji ya nchi nyingine?

Ndiyo. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, utafiti wa kisayansi ndani ya eneo la kiuchumi, yaani hadi maili 200 za baharini kutoka mstari wa msingi, unahitaji ridhaa ya nchi yenye pwani, na nchi hiyo ina haki ya kupata data na matokeo. Haki hiyo mara nyingi hupotea kwa uzembe tu: meli inaondoka, ahadi inabaki kwenye barua. Omba data kwa tarehe na kwa muundo uliotajwa kwenye kibali chenyewe.

Leseni gani itumike?

Iliyo fupi na inayojulikana. CC BY inatosha kwa wengi: tumia utakavyo, taja chanzo. Gridi ya GEBCO iko huru kwa umma. Leseni ya kujitungia yenye kurasa saba humfukuza mtumiaji mwema na haimzuii mbaya.

Boti ya kawaida yenye kipima kina inaweza kuchangia?

Inaweza, na inahitajika. Mpango wa IHO wa kukusanya kina kutoka kwa vyombo vya kawaida una mwongozo wake, B-12. Kifaa kidogo cha kurekodi huunganishwa na kipima kina na GPS ya chombo, kinaandika mahali, saa na kina, kisha data hupelekwa kupitia taasisi inayoaminika hadi kituo cha data za kina cha IHO kilichoko Boulder, Marekani, ambacho kimekuwapo tangu 1990. Nchi zenye pwani huieleza IHO kama zinaridhia data za aina hiyo kutoka kwenye maji yao.

Usitarajie usahihi wa meli ya upimaji. Ubora wake uko kwenye wingi na marudio: boti ishirini zinazopita mkondo mmoja kila wiki zitaona fungu la mchanga likihama kabla mpimaji rasmi hajapata bajeti. Jambo moja dogo la kumsisitizia nahodha ni kupima na kuandika kichwa cha sona kiko umbali gani chini ya uso wa maji. Bila hilo kila kina chake kimekosewa kwa kiasi kilekile, na hakuna anayejua kiasi gani.

Data za zamani zina faida gani, ilhali vifaa vimebadilika?

Inategemea chini kuna nini. Kwenye mlango wa bandari wenye mchanga, kipimo cha miaka mitano huenda hakina maana kwa meli. Kwenye mwamba wa kilindini kinaweza kudumu vizazi.

Na kuna faida ambayo huwezi kuinunua baadaye: kulinganisha. Tetemeko la Tohoku lilipotokea Machi 2011, wanasayansi wa Japani walirudi kupima mteremko wa handaki la bahari na kuweka data mpya juu ya zile za 1999 na 2004. Waliona sakafu karibu na handaki imesogea takriban mita 50 kwa mlalo na kuinuka takriban mita 10. Waliopima 1999 hawakujua wanapimia nini. Walitunza tu vizuri.

Nani aratibu haya yote kwenye nchi?

Si lazima iwe idara mpya. Kinachohitajika ni mahali pamoja pa kuonyesha nani amepima wapi na nani anapanga kupima wapi. Uingereza ilianzisha Kituo cha Upimaji wa Sakafu ya Bahari mwaka 2022 chini ya ofisi yake ya haidrografia, ili idara za serikali zilizokuwa zikipima kila moja kivyake zikae meza moja. Australia ina AusSeabed, ambako watu hutangaza mipango ya upimaji kabla ya safari. Ireland ilikwenda mbali zaidi: mradi wake wa INFOMAR, ulioanza 2006, unapima maji ya nchi na kutoa data bure. Ulaya kwa pamoja ina EMODnet, inayounganisha data za taasisi nyingi bila kuzinyang'anya. Kila mmoja anabaki na zake, kinachokusanywa ni maelezo na gridi ya pamoja.

Tukiulizwa kipi kianze, tunachagua ramani ya mipango. Ni rahisi, haina siri nyingi, na meli inayokwenda upande ule hata hivyo inaweza kuombwa ipitie kilomita chache za pembeni.

Naweza kutumia data hizi kuongozea chombo?

Hapana. Gridi za wazi hulainisha, na jiwe moja linaweza kumezwa na wastani wa kisanduku. Tumia ramani rasmi ya ofisi ya haidrografia iliyosasishwa, na utazame alama za kuaminika kwa data zilizomo, kuanzia A1 hadi D, na U kwa zisizotathminiwa.

Tuna diski ngumu za miaka mingi na hakuna anayejua zina nini. Tuanzie wapi?

Nakili kwanza, kabla ya kufungua chochote. Diski kuukuu hufa ikiwashwa. Kisha usianze na faili. Anza na watu: orodhesha safari zote zinazokumbukwa, na kaa na waliokuwamo ukiwa na kalenda na ramani mezani. Mpimaji mstaafu atakueleza kwa nusu saa sifuri iliyotumika, jambo ambalo ungelitafuta mwezi mzima. Tafuta pia daftari za melini, maana humo ndimo mlimoandikwa mabadiliko ya kifaa na mwendo wa sauti.

Baada ya hapo chora mipaka ya kila upimaji na uichapishe, hata kama data zenyewe bado ni vurugu. Maombi yatakayokuja ndiyo yatakayokuambia ni upimaji upi usafishwe kwanza. MB-System, programu huria, husoma miundo mingi ya sona ya zamani, na QGIS inatosha kwa mipaka. Zile ambazo sifuri yake haipatikani kabisa usizitupe: ziandikie "sifuri haijulikani" na uzitoe hivyohivyo. Kwenye kina cha mita 4,000, kosa la mita mbili si kitu.